Washairi Wawili wa Wonchon

Kesho yake nilitakiwa kusimama mbele ya jopo la chuo, hapa Andong, kuitetea hoja ambayo ingenipa uprofesa: kwamba enzi za wafalme walikuwapo washairi wawili wanawake, marafiki wa kufa na kuzikana, walioandikiana mashairi kwa vina vilevile.

Nilikuwa nimewapata kwenye vile vitabu vikubwa vya marejeo ambavyo maktaba haiviazimishi na ukivibeba vinakuvunja kiuno. Kamusi ya wasifu ya ukoo wa Gwon ilimtaja mke mmoja, "wa Wonchon", na mashairi yake ya maswali. Ile ya ukoo wa Yi ilimtaja binti mmoja, "Gwon-sil", na mashairi yake ya majibu. Walizaliwa mwaka mmoja, wakafa kipupwe kimoja. Nikaandika, kwa mbwembwe zote, kwamba hata kifo kilishindwa kuwatenganisha. Sentensi hiyo niliipenda hadi nikawa nawasomea wageni mezani.

Alasiri hiyo nilikwenda maktaba kuhakiki namba za kurasa tu. Simu ikatetemeka. Mama.

"Bae-sil, uko wapi wewe?"

"Maktaba, mama. Nong'ona."

"Ninong'one nini, niko kwangu! Mama mkwe wako kanipigia. Eti, 'Yule wa Musil atakuja kwenye tambiko Jumamosi, au kaolewa na vitabu?'"

"Mwambie nakuja."

"Nimwambie nani anakuja? Bae-sil wangu au wa Musil wake? Maana wote wawili hawaonekani!"

Nikacheka. Kisha nikayarudia kimoyomoyo majina yale mawili.

Kwetu naitwa Bae-sil kwa kuwa nimeolewa na akina Bae. Ukweni mimi ni wa Musil, kijiji nilikotoka. Jina langu halisi wanalitumia benki tu. Nikavivuta vitabu vyote viwili. Gwon-sil: aliyeolewa na akina Gwon. Wa Wonchon: aliyetoka Wonchon, kijiji cha akina Yi. Mwanamke mmoja! Daktari mzima, mwenye majina mawili mwenyewe, nimemfanyia marehemu urafiki na nafsi yake!

Nilijitukana kimoyomoyo matusi yote ninayoyajua. Uprofesa niliuona unavyoniaga. Nikayafungua mashairi angalau nione kama kuna cha kuokoa.

Lile alilowaachia wakwe linauliza: "Theluji imefunga njia. Huko uliko, yupo anayekuuliza kama umekula?"

Lile alilowapelekea wazazi linajibu: "Yupo. Wewe."

Nilikuwa nimelisoma jibu hilo mara nyingi, na kila mara nilimwonea wivu mwandishi wake kwa kuwa na rafiki kama huyo. Sasa nililia pale pale, kwa sauti, hadi mzee wa meza ya pili akahamisha kiti chake. Nikautoa mswada wangu, nikachukua kalamu, nikaanza kulikata neno "marafiki" kila nilipolikuta, na juu yake nikaandika: alikuwa peke yake.