Upanga wa Bwana Bertalan

Borbála alikuwa mwanamke wa kupanga maisha ya wenzake. Alimpangia padri wa parokia saa za kuungamisha, akampangia daktari wa mifugo mke, na daktari huyo mpaka leo akimwona barabarani huvuka upande wa pili. Julai hiyo zamu ilimwangukia mdogo wake, Hajnalka, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mumewe majira ya baridi ya mwaka juzi.

"Jumamosi tunakwenda Etyek," alisema kwenye simu, bila salamu. "Kuna sherehe ya mvinyo wa mapovu. Vaa nguo ya rangi."

"Nyeusi nayo ni rangi."

"Nyeusi ni matanga, Hajni. Vaa ile ya bluu inayoonyesha kwamba una kiuno."

"Dada, kiuno chenyewe kilishahama."

"Basi funga mkanda kirudi."

Hajnalka alivaa ile ya bluu, maana kubishana na Borbála kunachosha kuliko kumtii. Ndani ya basi, mashamba ya alizeti yakipita dirishani, dada mtu alijifanya kumtaja kwa bahati tu mtu mmoja aitwaye Bertalan: ana pango lake la kuhifadhia mvinyo, ana nyumba yenye paa jipya, mkewe alimkimbia zamani na mpiga zeze wa harusini, na ni Mkuu wa Chama cha Mashujaa wa Mapovu.

"Mashujaa wa nini?"

"Wa mapovu. Usianze."

"Wamepigana vita gani?"

"Nimesema usianze, Hajnalka!"

Kijiji cha Etyek kilikuwa kimejaa pomoni. Njia nzima ya mapango, yale yaliyochimbwa kilimani na mababu, milango ilikuwa wazi. Watu walipita na glasi zimewaning'inia vifuani kwenye vifuko vya kamba, kama ng'ombe wenye kengele. Moshi wa soseji na mapaja ya bata bukini uliingia hadi kwenye nywele. Bendi ya matarumbeta ilipiga wimbo ambao kila mpigaji alionekana kuujua kwa namna yake.

Bwana Bertalan aliwapokea mlangoni pa pango lake. Jua lilikuwa linakausha mate mdomoni, lakini yeye alivaa joho la mahameli ya zambarau lenye manyoya shingoni, na kofia yenye unyoya wa korongo. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye masharubu, likasimama pale kusubiri amri.

"Naubusu mkono wako, mama," akamwambia Hajnalka, na akaubusu kweli. Mkono ukabaki umelowa.

Ndani ya pango kulikuwa na baridi tamu, na Hajnalka akaanza kumsamehe mtu huyo mambo mengi. Akamsamehe hata hotuba. Bertalan alieleza jinsi chupa zinavyolazwa, zinavyozungushwa kidogokidogo, zinavyosimamishwa kichwa chini hadi uchafu wote ukusanyike kwenye kizibo. Kisha akamimina, akafumba macho, akachomeka pua ndani ya glasi.

"Unasikia nini, mama? Usiwe na haraka. Wacha mvinyo wenyewe ukusemeshe."

Hajnalka akanusa. "Nasikia zabibu."

"Tofaa bichi," akasahihisha Bertalan kwa upole. "Mkate uliobanikwa. Na kwa mbali, jiwe lililonyeshewa mvua."

"Hata mimi nalisikia jiwe," Borbála akadakia. Alikuwa bado hajashika glasi.

Hajnalka akanywa yote, maana ulikuwa mzuri sana, akanyoosha glasi aongezewe. Mtu aliyefanya kazi nzuri namna hii, alijiwazia, kwa nini asinyamaze tu akaiacha inywewe?

Baadaye kengele ikagongwa. Mashujaa wote, wazee wenye majoho na vitambi, wakapanda jukwaani. Mkuu wao alitakiwa kufungua sherehe kwa kukata shingo ya chupa kwa upanga, pigo moja, kama walivyofanya askari wapanda farasi wa zamani. Chini ya jukwaa, pembeni kidogo, mpishi aitwaye Vilmos alikuwa na chungu kikubwa cha mchuzi wa samaki, mwekundu kwa pilipili tamu, akiukoroga polepole. Borbála akamvuta mdogo wake mpaka mstari wa mbele.

"Tazama mkono ule," alinong'ona. "Mkono wa mwanamume."

Bertalan akainua upanga juani. Bendi ikanyamaza. Akatelezesha upanga kwenye chupa. Chupa haikujali. Akarudia kwa nguvu zaidi. Chupa ikatoa mlio mdogo, kama mtu aliyekohoa kanisani. Shujaa mmoja akamnong'oneza kitu, Bertalan akamjibu "Najua, mjinga wewe!" na kipaza sauti kikaifikisha kwa kijiji kizima. Ndipo akaunyanyua ule upanga juu kabisa, kama mtu anayetaka kupasua kuni, akaushusha.

Mpini ulibaki mkononi. Upanga wenyewe ulikwenda zake. Uliruka, ukageuka hewani ukimetameta, ukatumbukia ndani ya chungu cha Vilmos, chubwi!

Vilmos alitazama chungu, akatazama mchuzi uliorukia aproni yake, akainua macho kwa Mkuu wa Mashujaa.

"Bwana Mkuu," akasema, "samaki walishakufa."

Hapohapo kizibo, kilichochoka kusubiri, kikafyatuka chenyewe, pa! kikampiga Bertalan kwenye paji la uso na kumvua kofia.

Kicheko kilimwanzia Hajnalka puani. Alijaribu kukizuia, akabana midomo, akaangalia viatu vyake. Lakini kicheko kile kilikuwa cha siku nyingi. Siku ya mazishi ya mumewe, padri alisimama kando ya jeneza akasema marehemu Ödön alikuwa mtu wa kimya na kiasi. Ödön! Aliyekuwa akiimba ndani ya treni, aliyetolewa kwenye ukumbi wa maigizo kwa kucheka wakati shujaa wa mchezo anakufa! Hajnalka alitaka kucheka palepale. Aligeuka ampige mumewe kiwiko, kama walivyozoea, akakuta hakuna mtu upande ule. Kicheko kikarudi ndani, na tangu siku hiyo hakikutoka tena.

Sasa kilitoka. Kilitoka kwa sauti isiyo ya mwanamke wa heshima, mbele ya diwani, padri na majoho yote. Alishika mbavu, akakaa chini kwenye majani na gauni lake la bluu, akacheka mpaka machozi, na katikati machozi yakawa machozi kweli, kisha yakarudi kuwa kicheko. Umati ulimtazama kidogo kwa hofu, halafu nao ukalipuka.

"Nyamaza, unatuaibisha!" Borbála alifoka. Alipoona hasikilizwi, akapanda jukwaani, mkoba kwapani na leso mkononi.

"Mnacheka nini, makafiri nyie? Mtu ameumia! Hebu lete kichwa nione."

Bertalan akainamisha kichwa kama mtoto. "Kimenipiga hapa, mama."

"Naona. Na hilo joho nani alikuambia uvae kwenye jua hili? Vua. Vua nasema!"

Akalivua. Ndani alikuwa na fulana ya zamani yenye kitundu, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kukaa naye mezani.

Hajnalka alipoweza kusimama, akaenda kumwomba radhi.

"Umenicheka, mama," alisema Bertalan, barafu aliyowekewa na Borbála ikiwa kwenye paji la uso.

"Nimekucheka, ndiyo. Nisamehe."

"Ilichekesha sana?"

"Mno."

Bertalan akatazama mpini aliokuwa bado ameushika. Masharubu yakaanza kutetemeka, mabega yakafuata.

"Hakuna cha kuchekesha!" Borbála akawakemea wote wawili. "Tulia, barafu inaanguka."

Kwa Vilmos kulikuwa na foleni. Kila mtu alitaka mchuzi wa upanga. Hajnalka alikula mabakuli mawili na mkate, akashushia mvinyo wa jiwe lililonyeshewa, akaomba soseji. Jua lilipoanza kulegea, akamwita dada yake waende wakawahi basi.

"Tangulia tu," alisema Borbála bila kumtazama. "Huyu hawezi kuachwa peke yake. Anaweza kuzimia."

Huyu alikuwa anatafuna paja la bata kwa afya njema kabisa.

Jumapili adhuhuri simu ikalia. Borbála, ambaye maishani hakuwahi kumuuliza mtu chochote, alikohoa kidogo.

"Hajni, zile skonzi zako ndogo za jibini... unga wake unaukandaje?"

"Kwa siagi baridi. Unampikia nani?"

"Nimeuliza unga, sikuomba maswali."

Nyuma yake sauti ya mwanamume ilikuwa ikieleza jambo refu kuhusu mapovu. Borbála akafunika simu kwa kiganja, lakini si vizuri.

"Bertalan," Hajnalka alimsikia akisema, "nyamaza unywe."