Nguzo Ilifanya Kazi Yake

Nguzo iliyomuua mke wangu ilifanya kazi yake. Sisemi mimi. Wamesema wao wenye barabara, wao kwenye viti vya kuzunguka, mimi nimesimama na kofia mkononi kama mwizi wa kuku. Nguzo za taa za siku hizi hufungwa chini kwa bolti dhaifu makusudi, gari likizigonga zikatike upesi, walio ndani wapone. Basi gari likagonga, nguzo ikakatika, dereva akashuka akikung'uta vipande vya kioo kwenye shati. Nguzo ikamwangukia mke wangu, aliyekuwa kando ya barabara na cherehani yake, anapinda suruali ya mtu.

"Ingekuwa ngumu, dereva angekufa," bwana mkubwa akaniambia.

"Na mke wangu je?"

"Pale si mahali pa kukaa, mzee."

Miaka yote kakaa pale. Wake zao wenyewe wameshonewa magauni palepale, na hakuna aliyefungua mdomo. Wanasema aliye juu mngoje chini. Mke wangu alikuwa chini, na kilichomshukia ni chuma.

Tulipokwisha kuzika, binti yangu akaichukua cherehani ya mama yake, gurudumu limepinda, linalia kila likizunguka, akaenda kuketi mahali palepale. Nikamsema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kesho yake akaenda tena. Ni mtoto wa mama yake. Nikajifariji kwamba nguzo yenyewe haipo, limebaki zege tupu. Kwa uvivu wa wale mabwana, nguzo mpya wangeiona wajukuu. Ndiyo mara pekee niliyoushukuru uvivu wao.

Asubuhi moja nikampelekea chai, nikakuta lori. Vijana wameshusha nguzo mpya, wanaifunga kamba. Mkubwa wao alikuwa amevaa kofia nyeupe ya plastiki.

"Hiyo nayo ni ya kukatika?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mzee. Ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Kijana mwenye spana akacheka. "Leo mzee kaja na maswali ya mtihani."

"Weka ngumu," nikamwambia mkubwa wao. "Izikwe ndani ya zege. Atakayeigonga na afe mwenyewe, asiue wa watu."

Kofia Nyeupe akatazama viatu vyake. "Siwezi, mzee wangu. Nimeambiwa hii, naweka hii."

"Basi msiweke kabisa. Kwanza nani kawaita?"

Yule wa spana akaonyesha kwa kidevu. "Si fundi wako huyo. Kaja ofisini kila leo mpaka mlinzi wetu kaanza kumwita shemeji."

Binti yangu alikuwa ameinamia kitambaa, hashoni.

"Wewe ndiye uliyeiomba?"

"Nimeomba taa, baba. Watu wanaleta nguo wakitoka kazini, jua limeshazama. Natunga uzi kwa kupapasa. Juzi nimejishona kidole."

"Mama yako kafa kwa taa hiyo."

"Na sisi tulikula kwa taa ipi, baba?"

Maneno yangu nilikuwa nimeyanoa kwa ajili ya wakubwa. Si kwa mwanangu. Nikamrudia Kofia Nyeupe.

"Ikigongwa, inaangukia upande gani?"

"Inategemea gari limetoka wapi, na lilikuwa na kasi gani."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mzee."

Nikaikokota cherehani mpaka ukutani, mbali na barabara. Binti hakugombana nami. Akangoja wakaisimamisha nguzo, wakakaza bolti kwa kupima, wasije wakazikaza kupita kiasi, wakaiwasha taa kuijaribu juani, wakaondoka. Ndipo akaja akaikokota cherehani, akairudisha.

"Ukutani mwanga haufiki," akasema. "Mama alishajaribu."

Hilo mke wangu hakuniambia hata siku moja.

Sasa kila jioni naketi kwenye kigoda kati ya cherehani na barabara, uso wangu kwa magari. Binti anasema nawatisha wateja. Nawakodolea madereva macho utadhani wameniibia, na kweli wameniibia, wao na waliowawekea nguzo ya kuwaokoa wao peke yao. Kuzuia gari siwezi. Chuma nacho siwezi, mgongo wenyewe huu. Wakubwa saa hizo wako kwao na milango imefungwa.

Gari likija mbio nainuka, namshika binti yangu bega. Mkono wake unaruka, sindano inaacha mstari, mshono wa mtu unaharibika. Anashusha pumzi, anaufumua, anaanza upya. Hajaniambia nirudi nyumbani.