Mistari ya Mkiani

Bwana samaki Godwin aliteremka kwenye gari la ofisi, akaruka tope kwa madaha, akasimama ukingoni mwa bwawa la Sekela pale Nkunga. Nyuma yake akaja mtaalamu kutoka Dar, binti anayeitwa Lilian, na bango la picha za samaki. Vibarua wawili wakaanza kushusha magunia ya chokaa.

Sekela akapiga goti kuwaamkia. Bwawa lile alilichimba mwenyewe, kwa jembe, kiangazi kizima. Jumamosi ndiyo angevua, na samaki hao ndio wangemrudisha bintiye, Happyness, chuo cha uuguzi. Kingine hana.

Lilian alimtoa samaki mmoja kwa wavu mdogo, akamtandaza mkia, akamlinganisha na bango.

"Mistari ya kusimama mpaka mwisho wa mkia. Ni sato. Si wa maji ya huku. Bwawa likifurika anaingia mtoni, anashuka mpaka Ziwa Nyasa, anazaliana na magege, perege wa kule, mpaka wanapotea. Mama, nani aliwaleta?"

"Si huyu hapa, mwanangu." Sekela alimwonyesha Godwin kwa kiganja chote, kwa adabu. "Aliwaleta wadogo, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Tukapigwa na picha."

Hee! Mtu mzima na kitambi chake akapatwa na kikohozi.

"Mama Happyness, usichanganye mambo. Ule ulikuwa mradi. Mradi umeisha."

"Na samaki, tata?"

"Samaki ni wako. Saini hapa."

Fomu ya kuua samaki kwa chokaa ilikuwa juu ya boneti. Palikuwa na nafasi ya jina la mfugaji na nafasi ya kosa lake. Ya aliyewaleta haikuwapo. Lilian aliisoma, akamtazama Godwin. Kisha akaanza kuviringisha bango. Usomi wote ule, kazi yake ikawa kuviringisha karatasi!

Sekela alisoma mpaka la saba, alijua anachosaini. Akasaini.

"Basi niachieni nivue kwanza, hata wachache."

"Hairuhusiwi. Hawa samaki ni hatari."

Baada ya kusema hivyo, bila haya, Godwin akawaagiza vibarua watupe wavu. Wakatoa kumi na wawili, wale wanene kabisa, wakawamwaga mbele ya Sekela.

"Hizo ni sampuli," alisema. "Wapare magamba, watoe na matumbo, uwapange kwenye deli letu la barafu. Tusije tukahangaika mjini."

Sekela alipara. Magamba yalimrukia usoni, hakuyafuta. Alipofunika deli, Godwin alikuwa ameshaketi garini, mlango wazi, anachokonoa meno.

"Mama, malimao huna?"

Sampuli gani inaulizia malimao? Sekela aliinuka. Alikwenda nyuma ya jiko, mikono ikinuka shombo, akamchumia yaliyoiva vizuri. Kule bwawani gunia la kwanza la chokaa lilikuwa limeshamwagwa, na samaki walianza kupanda juu, midomo wazi.