Maji ya Injini ya Kurbanali

Jumamosi ya wiki ya tano tangu boti zipigwe marufuku, Thuku alikuwa ameshafagia chumba chake mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi, na mara ya tatu hapakuwa na vumbi la kufagia. Alikaa. Akasimama. Akachukua darubini yake, akachungulia dirishani, akamwona kuku wa jirani, yule yule wa jana. Akairudisha darubini msumarini.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia Kilifi mwezi wa tatu. Bwana afya, mtu mfupi asiyejua kucheka, alipita ufukweni na kopo la rangi nyekundu akipiga msalaba kila alichokitilia shaka: vibanda vya samaki wa kukaanga, kisima cha pale boti zinapopandishwa, na boti za starehe zenyewe. Mandari, matembezi na safari za majini zisizo na lazima, basi. Wenye boti walinung'unika kwenye baraza ya klabu yao mpaka wakakaukiwa na mate. Mmoja alilia kwamba rangi ya boti yake inababuka juani. Mwingine kwamba sasa mkewe amemjua kupita kiasi. Watu wanazikwa, tena si mbali, na mabwana hawa wanaziomboleza Jumapili zao! Thuku aliwasikiliza, akawaona watu wa ajabu, kisha akarudi nyumbani kuomboleza ya kwake.

Maana Thuku, mzaliwa wa Murang'a, karani wa ofisi ya ardhi, mtu ambaye ukimtupa majini angezama kama nanga, alikuwa ameipenda boti ukubwani, na aliipenda kwa fujo. Kila Jumapili akitoka kanisani, rafiki yake Kurbanali, mwenye duka la vyuma, alimpakia katika boti yake ndogo wakaingia ndani ya mkono wa bahari, hadi kwenye mikoko. Huko Kurbanali alitupa mshipi na kulala. Thuku alipanda vilima, darubini shingoni, akazunguka kutwa nzima akitazama ndege. Wenyeji walimkodolea macho. Mtu mzima anatembea juani saa tano, hakutumwa wala hana mzigo.

Kisha Kurbanali akavuka feri kwenda Mombasa, binti yake alipojifungua, na mkewe akaapa kwamba hawarudi Kilifi mpaka ugonjwa uishe. Thuku aliachiwa ufunguo wa ua na agizo moja, ambalo Kurbanali alilirudia kila wiki kwa simu ya ofisini: "Kila Jumamosi, Thuku. Iweke injini kwenye pipa la maji, iwashe dakika kumi. Ikikaa na chumvi itaganda. Na maji ya bomba tu! Kisima hapana, tanki hapana."

Mtaa mzima uliijua adha hiyo. Watu walisema injini ya Kurbanali hunywa maji mazuri kuliko mke wake.

Ila bomba lilikuwa limekauka siku ya nane sasa. Foleni ya maji kwenye ofisi ya chifu ilianza alfajiri, na Thuku, ambaye hakuweza kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, angesimamaje kwenye foleni? Miguu ilimwasha. Kuisikia injini ile ikinguruma, hata ikiwa ndani ya pipa, ndiyo Jumapili pekee aliyobakishiwa. Alifikiri, akatazama huku na huku, akachukua mitungi miwili akashuka ufukweni. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao zenye msalaba mwekundu. Maji yake hayakuwa na chumvi. Wenye boti walikuwa wakiyatumia kuoshea boti zao miaka yote. "Injini haina tumbo," alijiambia, akazisogeza mbao.

Alikwenda na kurudi mara tano mpaka pipa likajaa, akaziweka mbao kama zilivyokuwa. Kisha injini ikagoma. Alivuta kamba mpaka bega likamuuma, wapi! Plagi ilikuwa imelowa. Aliifungua, akaifunga katika leso aende kuikausha nyumbani, na pipa akaliacha pale uani, limejaa pomoni.

Asubuhi ya Jumapili alirudi na plagi mfukoni, darubini shingoni kwa mazoea tu. Maji ya pipa yalikuwa yamepungua shubiri nzima.

"Usitafute mwizi, Bwana Thuku," sauti ilimwambia kutoka ng'ambo ya ukuta. Alikuwa Bhanumati, jirani, mshonaji, na jicho lake halikupitwa na kitu. "Ni Kadzo aliyechota."

Kadzo alikuwa mpishi wa kina Kurbanali, akilala chumba cha uani.

"Kachota ya nini?"

"Ya mama yake! Kapanda lori la mkaa alfajiri, linarudi Ganze tupu. Kachukua mitungi miwili. Kule hata tone hakuna. Mimi ndiye niliyemwambia achukue. Ya nini kuinywesha mashine, na watu wana kiu? Nilijua umeyapangia foleni kwa chifu; maji ya Kurbanali hayana wasiwasi."

"Wewe umeyanywa?"

"Mimi nina yangu. Mbona umekuwa hivyo?"

Thuku alilishika pipa kwa mikono miwili akalipindua, maji yote yakamwagika uani, na kwa muda mfupi akahisi amefanya jambo. Halafu woga ukampanda. Hakuna aliyemwona kisimani. Labda watayachemsha. Labda. Karani wa serikali akikamatwa amefungua kisima kilichopigwa msalaba, kazi imekwisha, na pengine jela juu yake. Alizunguka ua mara mbili, akamfikiria mama asiyemjua akiinua kikombe, akatoka bila kufunga mlango.

Barabara ya Ganze ilikuwa na kizuizi mwisho wa mji, na kwenye kizuizi alikuwa amesimama bwana afya mwenyewe.

"Wewe tena," bwana afya alisema akiitazama darubini. Wiki mbili nyuma alikuwa amemrudisha pale pale. "Nilikwambia matembezi yamekatazwa. Hao ndege hawatakufa usipowatazama."

"Leo si matembezi."

"Ni nini, basi?"

Nyuma ya Thuku walikuwa wamesimama watu wapatao kumi, wawili wakimfahamu, maana aliwaandikia hati za mashamba yao. Angeweza kusema ana mgonjwa, au msiba, akapita. Lakini kwa miguu hawahi, na hapo palikuwa na gari moja tu.

"Nimefungua kisima cha ufukweni," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilichota maji ya injini. Mwanamke mmoja kayachukua bila kujua, kawapelekea watu wake Ganze. Wanadhani ni ya bomba."

Bwana afya akafungua mlango wa Landrova.

"Panda."

Njia nzima Thuku alikalia ukingo wa kiti akilisukuma gari kwa magoti. Walipita wanawake wawili wawili, mitungi kichwani, wakitoka mbali na kwenda mbali, nao walisogea kando vumbi liwapite.

Kwa mama yake Kadzo, walikoelekezwa na watu wa Ganze, walimkuta bibi mmoja mrefu akipepeta mahindi mlangoni. Watoto walikuwa wakicheza uani, wazima, na Thuku aliwahesabu bila kujua anahesabu nini.

"Shikamoo, mama. Mama, yale maji..."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Mgeni hasemi kabla hajanywa." Akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya bati akivishika kwa adabu, kimoja akampa bwana afya, kimoja Thuku. "Kunywa bila wasiwasi. Haya ni ya bomba, ya Kilifi, Kadzo kaniletea leo. Sisi twanywa ya lambo, twayachemsha mlivyotuamuru. Haya nimeyaweka ya wageni, na nyinyi ndio wa kwanza."

"Hata mimi niliyeyabeba kanikataza kuonja," Kadzo alisema kutoka jikoni, akicheka. Kisha akauona uso wa Thuku, na kicheko kikaisha.

Thuku aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Furaha nayo ilikuwemo, kubwa. Aliyasema yote pale pale, kikombe mkononi, bila kujitetea, kasoro lile la injini kutokuwa na tumbo, ambalo lilimshinda kulitamka.

"Tuyachemshe basi," Kadzo alisema.

"Kisima kile kimeingiliwa na choo," bwana afya akajibu. "Yamwagwe. Na amwage yeye."

Thuku aliyamwaga. Mtungi wa kwanza, mtungi wa pili, mbele ya watoto walioacha mchezo kuja kutazama. Hakuna aliyemtukana. Ardhi iliyanywa yote, pakabaki doa ambalo nalo lilianza kukauka. Bwana afya akaisuuza mitungi kwa dawa yake, akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari.

"Kadzo kaniambia habari zako," mama alisema. "Kasema mjini yuko bwana mmoja hutembea kutwa nzima kwa raha zake tu. Nikasema haiwezekani. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya." Aliiweka mitungi miwili miguuni pa Thuku. "Lambo liko nyuma ya kile kilima cha pili. Ukienda sasa utarudi jua likiwako."

Thuku alimtazama bwana afya. "Nitakungoja," bwana afya alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alionekana kutaka kucheka.

Thuku alivua darubini akampa Kadzo, akainua mitungi, akashika njia. Jua lilikuwa utosini. Nyuma yake aliwasikia watoto wakigombania darubini, na Kadzo akiwanyamazisha ili naye aangalie.

"Hajafika hata kilima cha kwanza," Kadzo alisema, "na tayari kapumzika mara mbili."

"Na bado ni mitupu," mama akajibu.