Kabati la Mbegu

Magloire alisema "nitazileta". Hakusema "nitazituma". Godelieve mke wake alilishikilia neno hilo kama mtu anavyoshikilia mfuniko wa sufuria upepo ukivuma, na sisi wengine tuliokuwa tunakutana kwangu, hapa Masisi kituo, tulilichambua kama maharagi kwenye ungo.

"Kuleta ni kuleta," nilisema. "Muntu analeta na mikono yake."

"Kuleta inaweza pia kuwa na mikono ya shofere," akajibu Uwamwezi, jirani yangu, ambaye ulimi wake haujui Jumapili. "Mi niliisha kuletewa makala na muntu mwenye sikuwahi kumuona sura."

Zilizokuwa ziletwe ni mbao za libuyu, mti wa msitu wa Walikale. Magloire aliondoka kwenda Walikale zamani. Kwanza alikuwa Bisie, wakati watu walikuwa bado wanachimba mawe ya bati kwa mikono yao. Uchimbaji huo ulipokwisha, wenzake wengi walipanda milima wakarudi kwa wake zao. Yeye alihamia Kibua, akaingia msituni kupasua mbao. Alikuwa anarudi kwa sikukuu, kisha sikukuu zikaanza kupita bila yeye. Halafu siku moja akatuma neno kwamba mke wake amemeza moshi vya kutosha katika kile kijumba cha udongo cha kupikia nyuma ya nyumba. Sasa anataka kumwekea jikoni ya ndani, yenye makabati ukutani. Samy achore. Mchoro ukikubalika, yeye atapasua mbao kwa vipimo vyake, na atazileta.

Samy ni fundi wa mbao, mtu mpole, penseli haitoki sikioni mwake hata kanisani. Alikuwa amepata kompyuta ya mkono wa pili kutoka Goma, nayo ilikaa mezani kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye paneli ya jua, na betri yangu haigombani na wageni. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuchora jikoni. Unachagua kabati pembeni, unalikokota mpaka ukutani, linanasa. Likishanasa linaota vidoti kwenye kingo. Vuta kidoti, kabati linapanuka; kisukume, linajikunja kama unga wa mandazi. Ukilipanua kupita kiasi, mlango wake mmoja unajikata wenyewe kuwa milango miwili. Na likigonga kabati lingine, au likiziba dirisha, linageuka jekundu na kukataa kutulia.

Ilikuwa burudani kuliko televisheni. Watu walikuja kuchaji simu wakasahau kuzichukua.

"Samy, hii sanduku na kidirisha ya muviringo ni kitu gani?" Uwamwezi aliuliza siku ya kwanza.

"Ni mashini ya kuosha sahani, Mama."

"Kwetu ile tunaiitaka mukamwana."

Hata Godelieve alicheka, na yeye si mtu wa kucheka bure. Alikuwa anakaa karibu kabisa na kioo, mikono mapajani, anasema hapa nataka ya sahani, hapa ya unga, hapa ya sufuria. Samy anakokota, anavuta, anapunguza. Mwishoni anapiga picha ya kioo kwa simu na kuituma Kibua. Huko Magloire anapanda mahali fulani juu ya kijiji ambapo rezo ya simu inapatikana, anatazama, anajibu kwa odio, kwa sababu vidole vyake vya kushika msumeno havipendi kuandika.

"Samy, ya sahani iko fupi, muvute kidogo." Inavutwa, inatumwa. "Samy, ile ya pembe itazuiya mulango." Inapunguzwa, inatumwa. Na Godelieve kila mara anaomba simu aisikilize tena, eti hakusikia kipimo vizuri.

Majuma yakapita. Jikoni haikwisha. Leo kabati la unga limekuwa pana mno, kesho droo zimekuwa tatu badala ya nne. Sasa watu wakaanza kuhesabu kwa njia yao.

"Mwanaume mwenye anataka kurudi hapimake kabati," Uwamwezi alisema siku Godelieve hayupo. "Anapimaka barabara."

"Pengine anataka kazi muzuri tu," Samy akamtetea.

"Kazi muzuri. Huko Kibua iko na kabati ingine, na iliisha kujaa. Uliza madereva."

Sikumkatalia. Nani asiyejua namna wanaume wa Walikale wanavyootesha mizizi? Na mimi niliona kwamba Magloire anavuta muda. Mtu anakwambia atakuja mchoro ukikwisha, halafu mchoro haukwishi: hesabu hiyo haihitaji shule.

Basi ikawa adhuhuri moja, nyumba imepumua kidogo, tuko watatu tu. Mimi naambua maharagi, Samy na Godelieve wako kwenye kompyuta. Odio ya Magloire ikaingia, na Samy akaiweka kwa sauti: "Samy, sasa iko sawa. Sasa iko bien kabisa. Usiguse tena kitu."

Samy akanyoosha mgongo kama mtu aliyetua mzigo. "Tumemaliza, Mama Godé."

Godelieve alikuwa anatazama kioo. "Hii ya pembeni," akasema. "Ivute."

"Nikiivuta itagonga dirisha."

"Ivute tu."

Akavuta. Kabati likapanuka, likala dirisha nusu, likawa jekundu kama pilipili.

"Mutumie sasa."

"Mama, lakini hii iko mubaya. Hata programu inakataa."

"Samy. Mutumie."

Alituma, kwa uso wa mtu anayetia sahihi jina lake chini ya kosa la mwenzake. Maharagi yangu hayakufika nusu ya ungo, jibu likaingia. Magloire alikuwa anacheka, kicheko kile cha kifuani tulichokuwa tunakisikia zamani kutoka barabarani kabla hajaingia uani: "Samy weye, umekunywa nini? Unafungia bibi yangu dirisha? Atachungulia wapi, akitaka kuona nani anapita?"

Godelieve aliiweka simu sikioni. Akaisikiliza. Akairudia. Uso wake ulilainika kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto, nami ungo ukanitulia magotini. Mbio zote zile za ulimi, za Kibua na za madereva, tulikuwa tumezipiga kuelekea upande usio wenyewe. Magloire alikuwa anamaliza. Aliyekuwa anaharibu ni Godelieve.

"Godelieve," nikasema.

Hakugeuka. "Kabati ikiisha, dada, ataniambia nini?"

Siku ile niliendelea kuambua maharagi, na hata Uwamwezi sikumwambia, jambo ambalo kwangu si kazi ndogo.

Mawingu ya msimu wa kupanda yakaanza kujikusanya juu ya Lushebere, na hapo Godelieve akaja na jambo jipya. Lazima nieleze kidogo. Kwa akina Magloire, maharagi ya mbegu hayakai na maharagi ya kula. Yanachanganywa na majivu, yanatiwa kwenye kikapu, kikapu kinatundikwa juu kabisa jikoni, moshi uyalinde. Siku ya kupanda ikifika, mwenye nyumba ndiye anayenyoosha mkono na kuyashusha. Mwanamke hapandi kiti kuyafuata. Si kwamba atapigwa. Ni kwamba hafanyi hivyo. Kama mume hayupo, anaitwa ndugu wa mume, na kilima kizima kinajua kwa nini ameitwa. Misimu ya karibuni aliyeitwa alikuwa Evode, shemeji yake Godelieve, mtu mwema lakini anayependa kusafisha koo uani ili majirani wajue amekuja kwa kazi gani.

"Ongeza kabati moja," Godelieve alimwambia Samy mbele ya watu. "Ya mbegu."

"Niweke wapi?"

"Juu."

Samy akaliweka juu ya yale mengine.

"Juu zaidi."

Katika programu ile kuna mtu wa kijivu, hana macho wala nguo, anasimamishwa jikoni ili uone kama vitu vinafikika. Samy akamleta asimame chini ya kabati. Godelieve akamtazama vizuri, juu mpaka chini.

"Huyu unaweza kumubadilisha urefu?"

"Naweza. Nimuweke gani?"

"Weka ya Magloire."

Samy aliijua. Walikuwa wamebeba mbao pamoja ujana wao wote, huyu mbele huyu nyuma. Akaandika namba, na yule mtu wa kijivu akarefuka, mabega yakapanda, akasimama pale katikati ya jikoni kama aliyetoka safari.

"Karibu, shemeji," Uwamwezi alisema. "Kaa, kiti iko. Pole na barabara."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mtu mmoja akamuuliza ametuletea nini. Mwingine akasema mwacheni apumzike kwanza, bado ni wa kijivu, vumbi la njia halijamtoka. Godelieve alicheka pamoja nasi, mkono mdomoni. Kisha akasema, taratibu, "Sasa kabati iweke mahali yeye tu anafika. Mi nisifike, hata na kiti." Ikatumwa hivyo, bila maneno.

Jibu lilikuja Jumapili baada ya misa, watu wamejaa mpaka mlangoni. Samy akaliweka kwa sauti.

"Samy, hii kabati ya juu ni ya nini? Nani atafika pale?"

Godelieve akaichukua simu. Muda wote ule yeye hakuwa amerekodi hata neno; wa kusema alikuwa Samy. Sasa akabonyeza, akaileta karibu na midomo.

"Ni ya mbegu," akasema. Akaachia.

Tulingoja kwa kelele, kila mmoja na utabiri wake. Ikaingia.

"Godelieve. Ile ya mbegu ishushe. Weka chini, mahali unafika."

Basi nyumba ikachangamka. "Munaona? Hataki bibi yake apande kwenye kiti." "Hiyo njo mapendo." "Wanaume wa leo wamekuwa na akili." Uwamwezi mwenyewe alijipiga kifua. "Nilimusingizia," akasema. "Mungu anisamehe, nilimusingizia kabati ya Kibua." Hata mimi mikono yangu ilishainuka kupiga makofi.

Ndipo nikamwona Godelieve. Alikuwa amekaa vilevile, simu kiganjani, lakini kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye orodha ya wasiokuwepo. Yeye ni wa nyumba ile, amelala na kuamka chini ya kikapu kile. Sisi tulisikia mume anayehurumia mkono wa mke wake. Yeye alisikia kwamba hakuna mkono utakaokuja kushusha mbegu, si mwaka huu, na aliyesema hivyo amechagua maneno yasiyoumiza mbele ya watu.

Samy, mkono kwenye kipanya, akamuuliza, "Nishushe?"

"Ngoja."

Akabonyeza tena. Hakuomba tutoke, hakushusha sauti.

"Magloire. Kabati zimeisha. Zote. Hakuna tena ya kuvuta, hakuna ya kupunguza. Sasa niambie kitu ingine."

Akatuma. Alama zikageuka buluu; amesikia. Juu pakaandikwa kwamba anarekodi. Pakafutika. Pakaandikwa tena. Mtu aliyekuwa na kikombe mkononi hakukitua wala hakunywa. Nje mtoto alimwita mama yake, na mama, aliyekuwa ndani kwangu, hakuitika.

Odio ikaingia. Godelieve angeweza kuiweka sikioni, tungemwelewa. Aliiweka mezani, kwa sauti, karibu na kompyuta.

Ilikuwa mvua. Mvua ile ya Walikale, nzito, inayopiga bati bila kupumzika kati ya tone na tone. Ndani ya mvua kulikuwa na pumzi ya mtu aliyepanda mlima. "Godé," akasema Magloire. Akasafisha koo. Tukasikia mvua, mvua, akavuta pumzi kama anayetaka kuanza, mvua tena, na odio ikafika mwisho.

Uwamwezi alikuwa anatazama sakafu.

"Kule inanyesha," akasema Godelieve.

Akaisikiliza tena mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande kidogo, jinsi mtu anavyomsikiliza anayeongea chumba cha pili. Halafu akaigeuza simu, kioo chini.

"Samy. Shusha."

Samy akalishika kabati kwa ukingo. Likateremka ukutani polepole, na kwa kuwa chini yake kulikuwa na kabati la sahani, ilibidi alipunguze hilo nalo ili lipate nafasi. Likajikunja bila kuwa jekundu. Godelieve alisimama katikati ya watu, akainua mkono wake wa kulia, vidole vimenyooka, akaupima dhidi ya hewa ya sebule yangu.

"Bado," akasema. "Bado kidogo. Hapo."