Mbegu Nilizompelekea Bi Firdausi

Mjukuu wangu Vestina nilimlea hapa Mabamba tangu ana miaka mitatu. Alipopata kazi ya ualimu Kasulu, kila likizo aliondoka na chupa mbili za pilipili yangu. Naitwanga na chumvi na kitunguu saumu, naipika polepole ndani ya mawese mpaka maji yote yaishe, halafu naijaza kwenye chupa zilizochemshwa. Hukaa mwaka mzima.

Mwezi wa sita alikuja na chupa yake. Ndani mlikuwa na pilipili nzima na vipande vya ndimu.

"Achari, Bibi. Kanifundisha Bi Firdausi. Tunaianika juani siku saba."

Bi Firdausi ndiye mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Jina hilo nilikuwa nimelichoka. Bi Firdausi kampikia uji alipougua, Bi Firdausi kamshonea pazia. Nilishukuru kwa mdomo. Siku hiyo Vestina aliweka achari juu ya maharage yangu, na chupa yangu ikabaki imefungwa.

"Onja, Bibi."

"Meno yangu hayataki ndimu," nikasema. Meno yangu hayana shida yoyote.

Alipoondoka alichukua chupa moja tu. Akasema, "Bi Firdausi anaomba mbegu za pilipili yako, kidogo tu."

Nikawaza, mwanamke huyu akipata na mbegu zangu, Vestina atarudi Mabamba kufuata nini?

Mbegu nzuri nilikuwa nazo, nimezikausha kivulini na kuzichanganya na majivu. Sikuzigusa. Nilichukua nyingine, nikazikaanga mpaka zikaanza kunukia. Mbegu iliyoonja moto haioti. Nikazifunga kwenye kitambaa safi. Vestina akanikumbatia, akasema mimi ni mtu mwema.

Mwezi wa saba ukielekea mwisho, simu ikaita.

"Shikamoo, Mama Ndayikeza. Ni Firdausi wa Kasulu. Mama, mbegu zako nimeziua. Nimemwagilia asubuhi na jioni, nimezifunika kwa majani, hata mche mmoja haukutoka. Labda ni udongo wangu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nilitaka nimtengenezee Vestina ya mawese. Wageni wakija anawapa achari yangu, yako anaificha chini ya kitanda, mchoyo huyo!" Akacheka. "Sasa imeisha, anakwangua chupa kwa kijiko. Nikamwambia mwombe bibi yako nyingine. Akasema hapana, mgongo unamuuma akitwanga."

Jioni hiyo hiyo nilitengeneza kitalu, nikasia mbegu zile za majivu. Mvua za kwanza zilipoanza, nilibeba miche ishirini kwenye beseni hadi Kasulu.

Bi Firdausi alikuwa mwembamba, mdogo kuliko nilivyomwaza. Nikatoa miche kwenye beseni nimpe.

"Weka chini kwanza, mama, niokote mwenyewe. Vestina kaniambia kwenu pilipili haipokelewi mkononi, mtagombana."

Hata hilo kamwambia! Wivu ukanipanda tena, pale pale mlangoni. Nikaiweka miche chini.

"Mbegu hukuziua wewe," nikasema. "Nilizikaanga mimi."

Aliokota mche mmoja, akaiangalia mizizi yake.

"Nilichota udongo mpya bondeni," akasema. "Ndoo sita, kichwani."

"Nisamehe, mwanangu."

Aliingia ndani, nikadhani amenifungia mlango. Akarudi na kigoda na jembe dogo.

"Kaa. Mgongo wako. Wewe elekeza, mimi nichimbe."

Tulikuwa kwenye mche wa tisa Vestina aliporudi kutoka shuleni. Alianza kuita akiwa bado njiani.

"Bi Firdausi! Bi Firdausi, nimerudi!"

Jina langu hakuliita. Angeliitaje, hakujua kama nipo. Lakini liliniuma hivyo hivyo, kama mtu aliyejipangusa jicho kwa kidole chenye pilipili.

Bi Firdausi alininong'oneza, "Ya mbegu tusimwambie, mama. Yamekwisha."

Alisema kwa upole, na nusura nikubali. Ila Vestina angenikumbatia tena kwa wema nisiokuwa nao.

Alitokeza kwenye uzio, akaniona, akaangusha mkoba. "Bibi!"

"Simama hapo kwanza, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nisikilize, halafu ndipo unisalimie."