Kiitikio cha Shangazi

Kila asubuhi saa moja, Shangazi alipiga deki chumba cha kurekodia akiimba kiitikio alichokitunga zamani, enzi binti yake alipokuwa haogi maji baridi mpaka abembelezwe. Fundi mitambo, msahaulifu wa kupigiwa mfano, hakuwahi kukumbuka kuzima maikrofoni. Basi siku alipoilisha kompyuta rekodi zote za studio ili ijifunze kutunga, ikala na za deki.

Wiki ya pili kompyuta ikatoa wimbo. Vinyozi waliupiga, wauza nguo waliupiga, na kila ulipopigwa karibu naye, Shangazi aliinuka sakafuni kiasi cha dhiraa moja, akabaki hewani mpaka uishe.

Ilimfaa. Vumbi la juu ya makabati lilikuwa limemshinda miaka yote, hata kwa ngazi fupi ya studio. Fundi alimpima kwa rula: sentimita arobaini na tano, na kiitikio kikifika, sitini.

"Hiki kiitikio ni chako, Shangazi. Nimesikiliza rekodi za asubuhi."

"Najua, baba. Mwana hampotei mamaye kwa kubadilishiwa nguo."

Wimbo ulipokwisha alishuka, akavua aproni, akaenda kwa meneja. Hakutaka makubwa: jina lake tu liandikwe, binti yake alione.

Meneja aliupiga wimbo ili ajionee. Shangazi akapaa mpaka kilemba kikagusa taa. Meneja naye akajaribu, akajirusha mara mbili, na mara zote mbili viatu vikarudi chini kwa kishindo.

"Nimeamini," alisema akihema. "Ila fomu ina nafasi moja ya mtunzi, na imeshajazwa: Kompyuta. Halafu ile ngazi, tutaiuza."

"Imeniuma, meneja."

"Pole sana, Shangazi."

Ilimuuma kweli. Lakini ni vigumu kununa ukiwa hewani, miguu inaning'inia na wimbo ni wako, akajikuta anacheka.

Mwezi uliofuata studio ikapewa tuzo, bamba la shaba lililoandikwa "Mtunzi: Kompyuta". Meneja alitaka litundikwe juu kabisa. Shangazi alipaa na nyundo, na binti yake, mtu mzima sasa, akasimama chini akimpa misumari.

"Limenyooka?" aliuliza meneja.

"Limenyooka," alijibu binti, "ila jina silo."

"Nimeuliza kunyooka," alisema meneja, akaurudisha wimbo kwenye kiitikio ili Shangazi aufikie msumari wa juu.